Mafuriko ya Jangwani yanaanzia Kimara

Nyuma ya ukuta wa nyumba yetu, Kimara, palikuwa na kijito. Hakikuwa na jina. Kiangazi kilikuwa mfereji wa mchanga mweupe na matete machache. Masika kilijaa maji ya rangi ya udongo kwa siku mbili tatu, kisha kikapungua polepole na kuacha vidimbwi ambamo vyura waliimba mpaka Juni. Jirani mmoja alimwaga lori tatu za kifusi apate pa kupitisha gari. Mwaka uliofuata mwingine akausogeza ukuta wake mbele hatua tano. Baadaye likalazwa bomba la zege, likafukiwa, na juu yake zikajengwa fremu nne: saluni, duka la vipuri vya bodaboda, wakala wa fedha za simu na mama lishe. Ilichukua kama miaka minane. Hakuna siku ambayo mtu angeweza kusema leo ndiyo kijito kimekufa. Bandu bandu huisha gogo.

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa kinachotokea Jangwani, bondeni mwa Mto Msimbazi. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi Barabara ya Morogoro imefungwa, mwendokasi imesitisha safari, na wenye shughuli zao Kariakoo wanahangaika kutafuta njia ya kuzungukia Kigogo. Hapo ndipo mjadala wetu wa kila mwaka unapoanza: walioambiwa wahame mabondeni hawakusikia, mitaro imejaa chupa za plastiki, mvua za siku hizi si zile za zamani. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Ila yote yanatazama mahali maji yalipofikia, na hayagusi yalipotoka. Ninachoshikilia mimi ni kwamba mafuriko ya Jangwani tunayatengeneza sisi wa huku juu, Kimara, Makuburi, Kinyerezi, Segerea na Tabata, kila tunapofukia kijito kimoja kisicho na jina.

Tumezoea kuuchora mto kama mstari wa buluu unaotoka hapa kwenda pale. Mto umekaa kama mwembe. Shina ndilo linaloonekana kwa mbali, lakini mti ni matawi, vitawi na vijiti. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unasafiri kilomita zipatazo 35 na kuingia baharini penye daraja la Salenda. Njiani unapokea mito midogo kama Ubungo, Luhanga na Sinza. Kila mmoja wa hiyo una mikono yake, na kila mkono una vijito vyake, mpaka unafikia mikondo ambayo mtu mzima huiruka kwa hatua moja. Ukijumlisha urefu wa mikondo hiyo midogo, unaupita mbali urefu wa Msimbazi wenyewe.

Mtandao huo una kazi mbili. Ya kwanza ni kupitisha maji, na hiyo kila mtu anaijua. Ya pili ni kuyashika kwa muda: kuyatandaza kwenye majani, kuyazungusha kwenye kona, kuyalaza kwenye vidimbwi na bondeni, yashuke kidogo kidogo. Hii ya pili ndiyo inayoiokoa miji, na ndiyo tunayoiharibu bila kujua, kwa sababu bonde lililo kavu miezi tisa kwa mwaka linaonekana kama kiwanja kinachosubiri mwenyewe.

Tupige hesabu. Chukua kijito chenye urefu wa kilomita 1, upana wa mita 4 na kina cha mita 1.5. Kikijaa, kinabeba mita za ujazo 6,000 za maji, bila kuhesabu yanayotanda kwenye nyasi za kando. Sasa kifukie, ulaze chini yake bomba lenye kipenyo cha mita 1. Bomba hilo likijaa pomoni linabeba mita za ujazo zisizofika 800. Zaidi ya mita za ujazo 5,000 za nafasi zimeondoka, na mwenye fremu juu yake atakwambia kwa dhati kabisa kwamba mto haukuzibwa, umewekewa bomba.

Hesabu ya pili iko juu ya vichwa vyetu. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye bati la mita 10 kwa 10 ikinyeshewa milimita 100 inamwaga lita 10,000, yaani lile tangi kubwa jeusi la plastiki ambalo familia nyingi zinalitamani na hazina uwezo wa kulinunua. Zamani pale ilipo nyumba palikuwa na mchanga na mikorosho, na sehemu kubwa ya mvua ilizama ardhini. Bati halinywi maji. Ua uliotandikwa vibloku vya zege unakunywa kidogo sana, lami haionji kabisa. Kwa hiyo kila nyumba mpya inaongeza maji yanayotafuta njia, na ikiwa imejengwa juu ya kijito, imepunguza pia mahali pa kuyaweka. Zile mita za ujazo 5,200 zilizopotea kwenye kijito chetu cha mfano ni sawa na maji ya mabati 520 kwa mvua hiyo hiyo moja.

Kuna jambo la tatu, nalo watu wengi hawalifikirii: muda. Vijito vya zamani havikufikisha maji bondeni kwa pamoja. Chenye kona nyingi kilichelewa, chenye kinamasi kilichelewa zaidi, kifupi kiliwahi. Maji ya Tabata yalikuwa yameshapita Jangwani wakati ya Pugu bado yako njiani. Tukavinyoosha, tukavijengea kingo za zege, tukavitia kwenye mabomba, na sasa vyote vinakimbia kwa kasi inayokaribiana. Mvua ile ile iliyokuwa ikipita Jangwani kwa siku nzima inafika kwa saa chache.

Hapo ndipo nina mashaka na aina ya ujenzi tunaoupongeza. Mto Ng'ombe, unaopita kwenye makazi yaliyobanana ya akina Tandale, ulijengewa kingo za zege kupitia mradi wa kuendeleza jiji uitwao DMDP. Siwezi kumbeza mama wa Tandale ambaye sasa analala mvua ikinyesha. Shida yake ilikuwa ya kweli na nafuu yake ni ya kweli. Lakini mfereji wa zege kazi yake ni kuyafukuza maji haraka, na maji yaliyofukuzwa Tandale yanakwenda kwa mtu mwingine. Kama hakuna mahali hapo kati palipotengwa ili yapumzike, tumehamisha tatizo kutoka mlango mmoja kwenda mwingine.

Na mlango wa mwisho ni bahari, nayo ina ratiba yake. Wavuvi wa Feri wanaijua kwa moyo. Wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida, maji ya bahari hapa kwetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, mto unafika Salenda na kukuta njia imebanwa. Hapo upana wa daraja hausaidii kitu, wala usafi wa mitaro. Maji yanahitaji pa kusubiri saa kadhaa mpaka bahari itoe, na mahali hapo tangu zamani palikuwa bonde lenyewe pamoja na mikoko ya mlangoni. Tukishalijaza bonde, maji yatasubiri sebuleni kwa watu.

Tulishaonyeshwa. Desemba 2011 ilinyesha mvua iliyozidi milimita 150 kwa siku moja, ikatajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na maelfu walibaki bila makazi. Baadhi yao wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na shughuli zilizowalisha. Ukisoma jambo hilo haraka utasema mvua ya 1954 na ya 2011 zilikuwa ndugu. Lakini hazikuangukia mji mmoja. Sensa ya 1967, miaka 13 baada ya mvua ile ya kwanza, iliwakuta watu wapatao 273,000 Dar es Salaam nzima. Sensa ya 2012, miezi michache baada ya mafuriko, ilihesabu watu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Tangu 2011 hatukuhitaji tena mvua ya kuvunja rekodi. Mafuriko ya Aprili 2018 yalikuja kwa mvua ndogo kuliko ile, na bado Benki ya Dunia ilikadiria kwamba kaya za jiji zilipoteza zaidi ya dola milioni 100. Hasara inakua hata pale mvua isipokua. Mabadiliko ya tabianchi yapo, na yatazidisha hali, lakini tukiyatwisha kila lawama tutakuwa tumejipa ruhusa ya kuendelea kumwaga kifusi.

Takataka zina sehemu yao. Kalvati lililozibwa na magunia na chupa ni mafuriko ya mtaa mzima, na anayelizibua ni mtu wa kushukuriwa. Ila ninaona mchanga unastahili kuzungumzwa kuliko takataka. Vilima vya juu vimevuliwa majani na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa kwa mkaa, huku maji yakipita kwa kasi mpya inayokula kingo. Kingo hizo zinasafiri mpaka pale mto unapotulia, nako ni Jangwani. Mchanga unatua hapo, kitanda cha mto kinapanda, na nafasi chini ya daraja inapungua mwaka hadi mwaka. Vijana wanaochimba mchanga mtoni wanafukuzwa kama wahalifu. Wakichimba kwenye kingo za juu wanabomoa. Lakini kule chini mchanga unapojaa, mtu anayeutoa kwa utaratibu anaurudishia mto nafasi yake. Ingefaa wapewe maeneo, vibali na mipaka.

Turudi kwenye sheria, maana huwezi kuzungumzia mito ya Tanzania bila mtu kukutajia mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Nia yake ni njema. Lakini hebu itumie kwa kijito cha nyuma ya nyumba yetu: mkondo wa mita 4 ungehitaji ukanda wa mita 124, mtaa mzima na msikiti wake. Hakuna ofisa ardhi atakayeisimamia, wala mwananchi atakayeitii, kwa hiyo inawekwa kando. Sheria inayodai mita 60 kwa kila mkondo, mkubwa na mdogo, imeishia kuviacha vidogo bila hata mita 2. Ningependa kuona kipimo kinacholingana na mto: Msimbazi upewe mita 60 au zaidi, mto wa kati upungue, na kijito kipewe mita 5 ambazo kweli zitalindwa, zenye miti na njia ya miguu. Mita 5 zilizopo ni bora kuliko 60 za kwenye karatasi.

Sheria ikisinzia miaka kumi, huamka na tingatinga. Desemba 2015 nyumba za Bonde la Mkwajuni, Kinondoni, zilibomolewa, na nyingine nyingi zikapigwa alama ya X nyekundu. Watu walilala nje na watoto wakati wa sikukuu. Wengi walikuwa na risiti za kodi ya majengo na mita za umeme. Yaani vyombo vya umma vilishakaa mezani na kula nao kwa miaka. Simlaumu mpangaji wa Mkwajuni anayelipa chumba kwa bei anayoimudu, umbali wa kutembea hadi Kariakoo. Mwaka 2024 tuliona sura hiyo hiyo Nairobi: baada ya mto kuua watu Mathare, serikali ikaamuru wote walio ndani ya mita 30 za mto waondoke, na nyumba zikabomolewa huku mvua ikiendelea. Wa bondeni anaadhibiwa kwa maji aliyoyapokea. Sijawahi kuona alama ya X kwenye ukuta wa mwenye jumba la ghorofa kule kilimani, aliyefunika kiwanja chote kwa zege na kutoboa tundu la kumwagia maji barabarani.

Na mamlaka zenyewe zimekuwa mfano mbaya. Karakana ya mwendokasi ilijengwa bondeni Jangwani, mahali ambapo kila mtoto wa Magomeni angekwambia maji hukaa. Mabasi yaliogelea, huduma ikasimama mara kadhaa, na sasa mpango ni kuihamisha. Kila hekta 1 ya bonde inayoinuliwa kwa mita 1 ya kifusi inafuta mita za ujazo 10,000 za nafasi. Ukilijua hilo, hutaita tena bonde kuwa ardhi tupu.

Nina matumaini na Mradi wa Bonde la Msimbazi. Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na Uholanzi na Hispania zikaongeza. Ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani, kuchimba na kupanua bonde, na bustani kubwa ya jiji ambayo kiangazi watu watapumzika na masika maji yatapumzika. Hili la bustani ndilo linalonifurahisha kuliko daraja. Uholanzi ilijifunza hivyo kwa uchungu: mwaka 1995 watu wapatao 250,000 walihamishwa mito ilipotishia kuvunja kingo, na baada ya karne nyingi za kuinua matuta, Waholanzi wakaanza kuyasogeza nyuma na kuchimba mabonde upya katika maeneo zaidi ya 30 ili mto upate nafasi. Nchi ambayo sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari ilikubali kwamba ukuta una kikomo.

Hofu yangu ni kwamba tutalitengeneza shina na kuendelea kukata matawi. Bonde la chini linachimbwa kwa ukubwa uliokokotolewa kwa kiasi fulani cha maji. Kama Kinyerezi na Kimara zitaendelea kufukia na kuezeka kwa kasi hii, kiasi hicho kitapitwa kabla mkopo haujalipwa. Wachina wanaoishi kwenye uwanda wa Taihu, wenye miji kama Shanghai na Suzhou, wameshapita njia hiyo. Huko mito ni mingi kama mishipa ya mkono, na watafiti waliolinganisha ramani za zamani na za sasa wamekuta jambo moja likijirudia: mito mikubwa ipo palepale, imepanuliwa na kusakafiwa, huku vijito vidogo vikitoweka kwa wingi, na uwezo wa mtandao mzima kushika maji ukashuka navyo. Nchi ile sasa inatumia fedha nyingi kuifanya miji yake inywe maji kama sifongo. Sisi bado tuna vijito vya kuokoa bila kuvinunua upya.

Kipi kifanyike huku juu? La kwanza, vijito vihesabiwe. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi walianza kuchora mitaa ya Dar es Salaam, nyumba kwa nyumba na mtaro kwa mtaro, kupitia Ramani Huria. Kazi ya namna hiyo inaweza kufanywa kwa kila kijito: kina jina gani, kinaanzia wapi, kinabeba kiasi gani. Wazee wa mitaa wanayajua mengi, na majina yenyewe yanasaidia. Kijitonyama ina kijito ndani ya jina lake. Bonde la Mpunga, pale Msasani, lilikuwa mashamba ya mpunga, na mpunga haulimwi mlimani. Tusishangae wenye magari ya bei kubwa wanapokwama pale kila masika.

La pili, kibali cha ujenzi kiulize maji ya bati yanakwenda wapi. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu aweke gata na tangi, hata dogo, na shimo la changarawe la kunywesha ardhi. Mwenye kituo cha mafuta, ghala au shule ashike maji ya kiwanja chake mwenyewe kabla hayajagusa barabara. Tangi likiwa tupu mvua inapoanza linapunguza mafuriko, na mvua ikiisha linapunguza bili ya maji. La tatu, kila barabara ya mtaa inayojengwa isihesabiwe imekamilika kwa sababu ina mtaro. Iulizwe mtaro huo unamwaga wapi, na huko unakomwaga pana nafasi gani. La nne ni fidia. Mwenye kiwanja kilichopitiwa na kijito ambaye anaambiwa asijenge sehemu yake anabeba mzigo kwa niaba ya Jangwani nzima. Apunguziwe kodi ya ardhi au apewe eneo jingine, tena mapema, kabla hajamwaga msingi.

Kutoka kwetu, ukifuata njia ya chini ya mnara wa simu, kuna kijito kingine ambacho bado kiko wazi. Kina upana wa mita 3 hivi, na wakati wa vuli iliyopita kiliyalaza maji kwenye matete yake kwa siku mbili bila kuingia kwa mtu. Jumamosi nimeona lori la kwanza la kifusi limemwagwa ukingoni. Nimekwenda serikali ya mtaa kuuliza nani ameruhusu. Wamenisikiliza vizuri, wakanikaribisha kiti, kisha wakaniuliza kijito hicho kiko kwenye ramani gani.